Huyu Halii

Walinikabidhi faili kwanza, mtoto baadaye.
Faili lilikuwa nene kuliko yeye.
Miezi kumi na tisa, kilo saba na nusu,
jina Codrin. Baba: mstari mtupu. Mama: mstari mtupu.
Muuguzi Otilia akanisogezea kalamu
kama mwenye duka anayesifia kitambaa:
"Utapumzika. Huyu halii."

Nilisuka mazulia miaka ishirini na miwili
pale Vaslui, mpaka kiwanda kilipofungwa.
Uzi uliokufa naujua kwa kuugusa tu.
Nikamgusa shavu.
Akatazama dirisha.

Nyuma yake vitanda arobaini vya chuma,
na kimya.
Hebu sikiliza: watoto arobaini, na kimya.
Mtoto hulia akiwa na wa kumlilia.
Asiye naye hujaribu siku, hujaribu mwezi,
kisha hufunga duka.

Nyumbani alikula kila nilichompa,
ugali laini, maziwa, plamu za kuchemsha,
alikula kama mtu anayelipa deni
asiyetaka kumwona mdai.
Usiku alijibembeleza mwenyewe,
mbele, nyuma, mbele, nyuma,
paji la uso likigonga ubao
hadi Neculai akaamka, akauviringishia ubao ule
koti lake la reli.
Hakusema neno. Mume wangu ni mtu wa treni,
amezoea vya kwenda na kurudi.

Daktari akapima kichwa, kimo, uzito.
"Mlishe," akasema. Nikamlisha.
Mizani ikapanda gramu sitini, ikashuka arobaini.
Akaja daktari mwingine, msichana, viatu vina matope,
akaniuliza swali ambalo fomu haikuwa nalo:
"Akianguka, humtafuta nani kwa macho?"
Nikaona haya, utadhani nimeshikwa na cha mtu.
Hamtafuti mtu, nikasema.
Huinuka, akajipangusa.

Basi nikamfunga kifuani kwa shali ya marehemu mama.
Nikamenya viazi naye, nikapiga pasi naye,
nikagombana na Profira wa ng'ambo ya uzio
huku yeye yuko katikati yetu.
Alikakamaa. Wiki tatu nilibeba ubao.
Ya nne, nikisugua sufuria,
nikausikia uzito wake ukibadilika;
haukuongezeka, ulibadilika tu,
kama theluji inapoamua kuliachia paa.
(Neculai anasema nimetunga. Hakuwepo.)

Kisha Februari, baridi ya kupasua mabomba,
Neculai yuko zamu,
nikatoka kufuata kuni na upepo ukanifungia mlango.
Nikasikia kitu. Nikadhani paka wa Profira.
Sauti ya kukwaruza, isiyoijua njia yake,
bawaba yenye kutu,
ikajikwaa, ikarudi, ikapata nguvu,
ikawa kilio, kilio kizima,
cha hasira, cha kudai,
kilio chenye anwani.

Nikatupa kuni. Nikausukuma mlango kwa bega,
nikaingia na kiatu kimoja.
Amesimama, ameng'ang'ania kitanda,
kamasi mpaka kidevuni, uso umeiva kama bitiruti,
na aliponiona hakunyamaza.
Aliongeza!
Akanigombeza kwa lugha yake yote,
kwa ajili ya kuni, kwa ajili ya mlango,
kwa dakika zile nne,
kwa miezi ile kumi na tisa.

Nikaketi naye sakafuni, jiko limezimika,
nikamwambia lia, baba, lia,
leo umenipata nyumbani.

Jumatatu zahanati: kilo saba na gramu mia tisa.
Karani akaandika gramu.
"Kuna jingine?"
Analia sana siku hizi, nikasema. Usiku kucha. Nikienda hata chooni.
"Pole," akasema, bila kuinua kichwa.

Pole ile niliiacha pale pale mezani.
Codrin alikuwa amenishika sikio
na kulivuta, na kulivuta,
kama mtu anayejaribu kamba
kabla ya kuvuka.