Nyayo Kumi na Mbili

Chumba changu kina nyayo kumi na mbili,
nimezipima mwenyewe, kisigino kikigusa kidole,
kutoka pazia la buluu hadi kizingiti.
Hapo nimepiga nusu ya Newala:
picha za kitambulisho, za fomu, za mkopo,
mabwana harusi walioazima koti moja.
Koti ni langu. Linaning'inia nyuma ya mlango.

Kwa lenzi iliyokuja na kamera, ya kuvuta na kurudisha,
nilimpiga Biti Chinduli.
Chumba kidogo, nikaifungua hadi mwisho wa upana,
nikamsogelea hadi nikanusa ugoro wake.
Pua ikatangulia. Mashavu yakakimbilia masikioni.
Zile chale za nembo, alizochanjwa kabla barabara haijafika,
zilizonyooka kama ukindu wa mkeka,
zikapinda kama njia ya nyoka.
Akaishika picha kwa ncha za vidole.
"Huyu ni nani?"
Ni wewe, bibi.
"Mimi nina kioo nyumbani,"
akalikaza fundo la kanga, hela yake ikiwa ndani.

Ndipo nikaanza kuweka akiba.
Mnada wa pili wa korosho mama akalipwa,
akanimegea bila kuuliza lenzi ni mnyama gani.
Nikashuka Mtwara.

Chikambo, nyuma ya soko, alizitandika mbili juu ya taulo:
ya hamsini, nyepesi kama kifuu,
na ya themanini na tano, nzito, kioo kama jicho la ng'ombe.
"Hizi hazivuti," akaniambia. "Zumu ni miguu yako."
Akaisifu ile kubwa: nyuma ya mtu kote ukungu, laini, hadi raha.
Kaka, nikamwambia, mimi natoka Newala.
Ukungu tunao wa bure, unapanda toka bonde la Ruvuma alfajiri
na kuingia jikoni bila hodi.
Usiniuzie ukungu. Nionyeshe pua.

Nikampiga yeye kwa zote mbili, uso ujae sawasawa.
Ya hamsini ilinileta karibu, umbali wa kuombana chumvi;
pua bado ilikuwa na haraka kidogo.
Ya themanini na tano ilinirudisha nyuma hadi kwa muuza vitasa,
na pua ya Chikambo ikakaa pale ilipozaliwa.
Bei mara mbili.
Nikazihesabu zile nyayo kumi na mbili. Hazikutosha.
Nikahesabu tena, kama anayehesabu hela akitumaini zimezaa.
Nikanunua ile isiyoenea chumbani kwangu.

Sasa mteja hukaa ndani, peke yake na pazia,
mimi niko nje, ng'ambo ya kichochoro,
mgongo kwenye cherehani ya fundi Namtapika.
Mbuzi hupita kati yetu. Baiskeli ya maji hupita, madumu manne.
Nikisema "geuka kulia kidogo"
mtaa mzima unageuka kulia.
Lakini nimeona jambo ambalo Chikambo hakunieleza:
mtu asiyepumuliwa usoni
hupumua mwenyewe. Kidevu kinashuka.
Mdomo unaacha kujipanga.

Biti Chinduli alirudi, nilimwita kwa picha ya bure.
"Mbona umekwenda huko? Nimekukosea nini?"
Nakutafuta, bibi! nikapaza sauti juu ya cherehani.
Akaanza kucheka, na kabla cheko halijafika,
nikabonyeza.

Akapitisha kidole juu ya chale, moja moja,
midomo ikihesabu kwa Kimakonde.
Zote zilikuwepo.
Kisha kidole kikateleza pembeni, kikasimama.
"Sikio langu liko wapi? Na hereni aliyoninunulia marehemu?"

Nilikuwa nimeliacha tundu wazi, moja nukta nane,
kwa ulafi wa kitu kipya:
jicho kali kama wembe, sikio limekwenda na ukungu.

Kesho saa mbili atarudi.
Nitalifunga hadi nne, pengine tano na nukta sita.
Nimemwomba Namtapika asogeze cherehani.
Unyayo mmoja tu.