Kasorobo

Ukutani mwa kantini pana saa tatu,
za kutundikwa, nisieleweke vibaya.
Ya kushoto ni ya Perth, ya kulia ya Adelaide.
Ya kati ni yetu, na haimo katika simu ya mtu.
Madereva huingia na vumbi la Nullarbor kwenye kope,
hutazama mkono, hutazama ukuta:
"Dada, hapa hasa ni saa ngapi?"
Nawaambia, ulimwengu ukigonga kamili
Eucla ni kasorobo.
Wanacheka. Wanaagiza mayai.

Pacha wangu Ngaire ana kasorobo yake
huko Waitangi, visiwani Chatham, tulikozaliwa,
saa nne mbele yangu, bila dakika ya ziada.
Akrabu ndefu za saa zetu hulala pembe moja
kama tulivyolala sisi, goti kwa goti, gizani.
Fupi ndizo zilizotengana.

Nikiamka saa kumi na moja kuwasha jiko
kwake jua limepanda, ni saa tatu,
ameshapakia kambakoche hai kwenye masanduku
na upepo umeshamvua kofia mara mbili.
Miti ya kwao imeinama upande mmoja
kama watu wanaosikiliza mlangoni.
Miti ya kwangu? Nikiipata nitakuhesabia.
Unga wangu huletwa na lori la matela matatu
linalosikika robo saa kabla halijaonekana.
Wake huletwa na meli,
na meli ikikaa wiki tatu, kisiwa kizima
hujifunza upya kupika viazi.
Kwake mvua hupiga kwa ubavu.
Kwangu mchanga: nyumba ya zamani ya telegrafu
imeshamezwa hadi shingoni,
nami kila Jumapili huenda kutazama
kama bado inapumua.

Mimi nilitangulia kutoka, kwa dakika kumi na mbili.
Tangu tujue kusema nimemkumbusha.
Doto huja kwa kurwa, basi na achukue kilichobaki:
godoro la dirishani, viatu vilivyolegea,
mstari wa pili kwenye kila fomu.
Kisha nikafuata kazi bara, nikamwachia bahari.

Sasa kila Agosti, tarehe kumi na moja,
saa mbili kamili za usiku,
nikiwa nageuza nyama ya Lorcan, mbeba kondoo,
simu inalia:
"Niamkie, mdogo wangu!"
Kwake ni saa sita, kumepinduka, ni kesho.
Ana miaka arobaini na mmoja.
Mimi bado nina arobaini, na mafuta mkononi,
na kwa saa nne sina la kujitetea.
"Haya, shangazi," namwambia, "kesho ikoje?"
"Kama leo," anasema, "ila sabuni imekwisha dukani,
na weka, yule ndege mwizi asiyeruka,
kaingia jikoni kaondoka na kijiko."
Nyama inaungua. Lorcan anasema ataila hivyohivyo.

Mwisho wa Septemba wao husogeza saa mbele.
Sisi hatusogezi kitu.
Nalala nikiwa nyuma kwa nne, naamka nyuma kwa tano,
na sikuinua hata unyayo.
Mwaka wa kwanza nililia, kipumbavu,
mbele ya friji ya soda.

Juzi betri ya saa ya kati ikafa.
Siku mbili nzima hakuna aliyegundua;
wapitao walichukua Perth au Adelaide
na kwenda zao.
Nikapanda kiti, nikaishusha, nikaifuta inzi.
Nikampigia Ngaire.
Nyuma yake upepo ulikuwa ukigombana na bati.
"Nipe dakika," nikamwambia.
Akadhani nataka asubiri. Akanyamaza, akasubiri.
"Siyo hiyo. Nisomee dakika."
"Kumi na saba," akasema. "Na saa je?"
Saa sikumuuliza.