Uzi Uliokunjwa Kati

Jumanne, darasa la sita, shule ya juu kabisa Kadutu,
pale ngazi za udongo zinapomaliza pumzi za watu.
Nimekuja na rula ya ukutani, daftari
na kidonge cha uzi wa katani.
Futi ya cherehani nimeiacha kwa dada yangu.
Watoto wanaiogopa, wanadhani nawapimia sanda,
au, wenye matumaini, sare mpya.

«Simama. Visigino ukutani. Tazama ziwa.»
Nakata uzi toka utosini hadi unyayoni.
Huu ni wewe, namwambia kila mmoja. Shika.
Sasa jikunje kati.
Sasa jizungushe kiunoni, juu ya mfupa wa nyonga,
toa pumzi, usivute tumbo, Mushagalusa, nakuona.

Ncha zikikutana, rudi kwenye dawati.
Ncha zikikataa kukutana
naandika jina kwa penseli.

Penseli, si kalamu.
Uzi hauna macho, ini haulioni.
Unabisha hodi tu, unategea sikio.
Moyo ukichoka hugonga,
tumbo hunguruma mbele ya wageni,
lakini ini ni kifungua mimba wa kike:
huosha vyombo vya nyumba nzima,
na mafuta yakimfika shingoni
ukimuuliza atajibu, niko muzuri.

Lugha yetu ilijua zamani.
Neno baya hukata maini,
si figo, si mapafu.
Haikutuambia kwamba soda nayo ina makali.

Akonkwa, miaka kumi na miwili.
Ncha zake zimeachana vidole vinne.
«Mama muganga, uzi wako ni mufupi!»
Darasa linaangua kicheko, nami nacheka nao.
Kisha nasoma jina la mama yake.

Nsimire, wa mandazi ya Nyawera.
Namjua. Yeye hanikumbuki, au hataki.
Mwaka ule wa kukimbia, chini ya turubai,
nilimvisha binti yake mkononi utepe mwingine,
ule wa rangi tatu.
Niliukaza, nikaukaza,
ukapita kijani, ukapita njano,
mkono mwembamba kama mpini wa kijiko.
Aliniuliza: rangi hii inasema nini?
Nilijua. Sikupata neno.
Tulizika Alhamisi.

Jioni anafika, beseni kichwani,
vidole bado vinanukia mafuta ya moto.
«Munamupima nini tena? Huyu anakula.
Angalia mashavu. Mungu alinilipa.»
Nayaangalia.
Naona andazi la alfajiri, andazi la saa nne,
chupa nyekundu kila siku biashara ikienda vizuri,
deni la mtoto mmoja
likilipwa kinywani mwa mwingine.

Nitamwambiaje kwamba utepe ule na uzi huu
ni ndugu wa tumbo moja?

Naanza na labda.
Labda hakuna kitu, Mama Akonkwa, uzi hukosea.
Kuna damu ya kupima, kuna picha ya tumbo,
bei yake, najua, ni unga wa wiki mbili.
Simwambii mnyime chakula.
Nasema maji, nasema sombe, nasema mpira kule uwanjani,
nasema mengi, haraka haraka,
kama mtu anayefukia shimo la miaka ile
kwa koleo la leo.

Hanijibu.
Anauchukua uzi mezani, anaukunjua,
anakanyaga ncha moja kwa kidole gumba cha mguu,
anavuta nyingine juu. Inamfika begani.
«Amekuwa murefu hivi?»
Na kwa mara ya kwanza ananitazama usoni, muda mrefu,
mpaka najua kwamba ananikumbuka.

Anauviringisha uzi kwenye vidole,
anaufunga kwenye pindo la kitenge,
fundo lile lile la pesa.
Anainua beseni.
Mlangoni anageuka:

«Hiyo picha. Wanapiga saa ngapi?»