Daftari la Mashimo Makavu

Miaka thelathini na moja niliichimbia Idara ya Maji,
na daftari langu lina safu mbili: Maji. Kavu.
Safu ya Kavu ndiyo ndefu.
Haneti, mita tisini, vumbi.
Segala, biti mbili zilivunjika, tukarudi na pole za mwenyekiti.
Itiso, mita mia na ishirini, matale; dizeli ikaisha.

Nimestaafu, anakuja Dakta Nyemo Masinjisa
anaitaka safu ileile ninayowaficha wajukuu.
"Mzee Chilongani, tuonyeshe palipokufa kabisa."
Anasema huko juu mashimo meusi mawili yaligongana
kabla binadamu hajajua kuwasha moto,
na mtikisiko wake ungali njiani,
umechakaa, mwembamba kuliko unywele uliopasuliwa mara elfu elfu.
Wausikilizie chini, ndani ya mwamba usio ufa, usio maji, usio jirani.

Nikamwuliza: shimo ni pale pasipo kitu,
sasa kinachogongana ni nini?
Akacheka. Akajibu kirefu. Sikuridhika.

Bahi tuliiacha, ardhi yake huamka usiku.
Kando ya reli hapana: treni ya umeme ikipita Ihumwa
mstari unaruka kama kuku aliyeona kicheche.
Karibu na kwa Mama Mbeleje tulizika chombo siku nne,
kikaandika kila alfajiri twa, twa, twa,
uwele kinuni, nusu kilomita kutoka pale.
"Mwambieni apumzike kidogo," akasema kijana wa ng'ambo.
Hakuna aliyekwenda.

Ikabaki Itiso, shimo langu la mwaka themanini na saba.
Mtambo ukashushwa. Watu wakaja na ndoo.
Nikawaeleza: safari hii hatutafuti maji,
tunatafuta kimya.
Wakaitikia kwa adabu.
Ndoo wakaziacha kwenye foleni.

Mita mia mbili na kumi na tatu, bomba likakohoa.
Tope kwanza. Halafu meupe.
Vigelegele. Mtu akanimwagia kichwani.
Masinjisa akaketi juu ya sanduku la vyombo,
akafuta miwani, akaifuta tena.
"Andika, mzee. Halifai."

Nikafungua daftari, nikatoa moja kwa nyingine.
Tisini na tatu.
Mapipa mangapi ya dizeli hayo? Mawili. Labda matatu.
Na wale waliofukua mchanga korongoni miaka yote hiyo,
kata mkononi, mtoto mgongoni.

Nikaandika Itiso upya,
safu ya kwanza,
kalamu ikikwaruza kwa sauti kubwa mno.