Kushuka Kapchorwa

Wengine hununua mwendo.
Mimi niliuza mtamba, yule mwenye paji jeupe,
nikanunua kusimama.

Shemeji yangu Satya alicheka mpaka akakohoa:
"Ng'ombe mzima, Yeko, na gari haliongezi hata farasi mmoja?"

Sikumjibu. Hakuwamo siku ile,
chini ya Sipi, kona ya tatu,
nimempakia mwalimu Cherop na uchungu wake wa kwanza,
pedali ikazama kama mguu topeni,
ikagusa sakafu, na huko sakafuni hapakuwa na kitu.
"Kuna kinachoungua," Cherop alisema, kwa adabu,
kana kwamba ni maharage ya jirani.
Gia ya pili. Ya kwanza.
Injini ikalia kama mbuzi aliyeshikwa masikio.
Ukingo wa udongo ukatupokea kwa ubavu wote wa kushoto.
Mtoto alizaliwa Mbale, saa tisa usiku,
amefikishwa na pikapu ya maziwa.

Basi, gereji ya Gidudu, Namakwekwe.
Alilifungua gurudumu, akaichomoa diski, akaiinua juani:
nyembamba, imekuwa ya bluu kwa kuungua.
"Hii ilizaliwa kusimamisha gari mjini," alisema, "kwenye taa.
Wewe umeiomba isimamishe mlima."

Akaleta breki za Kaldina.
Diski nene, katikati yake njia za kupitisha upepo,
na kalipa kubwa kama ngumi ya bondia.
Zikakaa kwenye Korona yangu bila ugomvi.
Ila ringi ya zamani, inchi kumi na nne, ikagoma:
ngumi haiingii kikombeni.

Ndipo tukaanza kuposa, ukoo hadi ukoo.
Ringi za Benzi: matundu matano, kweli,
lakini duara lao pana kuliko letu.
Za Prado: matundu sita. Hata salamu hatukupeana.
Za Subaru, inchi kumi na sita,
za gari lililofia Tororo na kuacha viatu vizima:
bolti zote tano zikaingia.

Nikapiga makofi. Gidudu hakupiga.
Alimwita Nambozo, mwanagenzi wake,
binti asiyeamini macho ya mtu, hata yake mwenyewe.
Akaingiza kipimo, akafuta jasho.
"Tundu la kati linapwaya. Milimita mbili."
"Ni unene wa sarafu tu," nikasema.
"Ni usukani kutetemeka ukifika themanini," akasema,
akaenda kukereza pete za alumini.
Pete nne. Ndoa ikafungwa.

Kisha akanipa masharti, kidole kikihesabu hewani:
barabara ya Kumi, tambarare, asubuhi;
sitini mpaka ishirini, mara kumi,
usikanyage kwa hasira, usisimame kabisa,
pedi na diski bado zinafundishana tabia.

Aliye juu mngoje chini, wanasema.
Hawasemi atafika vipi.

Jumapili nilipanda na gari tupu, nikageuza, nikashuka.
Kona ya tatu, kovu langu bado lipo ukingoni,
majani yameanza kulisahau.
Nikakanyaga.
Gari likainama kidogo, kama mtu anayemsalimia mkwe,
likasimama.
Mbele hapakuwa na kitu. Nyuma hapakuwa na kitu.
Nikaliondoa, nikalisimamisha tena, bila sababu.
Na tena.
Mwenye bodaboda akapunguza mwendo, akauliza kama nimepotea.
Nikamwambia hapana, nasimama tu.

Diski kuukuu Satya aliiomba.
Anaiegemeza kwenye mlango wa zizi usibamizwe na upepo.
Nimepita jana kuitazama: imetulia, ina kutu, kazi yake ni ileile.
Na nyuma yake, akitafuna polepole,
paji jeupe.
Kumbe aliyemnunua ni yeye.