Mafurushi Mawili

"Fungu la kumi na saba," akasema dalali,
na kijana mwenye glavu nyeupe akaibeba barua
kama abebaye yai lenye ufa.
Ukumbi wa hoteli, Kololo. Viti vimevishwa vitambaa.
Mimi nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni,
na viatu vya dada yangu vikinibana.

Karatasi moja, imekunjwa mara nne.
Mwandiko wa Bitagase mwenyewe, tukahakikishiwa,
chifu aliyewakosesha Waingereza usingizi
misimu mitatu ndani ya msitu wa Bugoma,
mpaka walipomkamata ana homa, hana kiatu,
wakampeleka pwani akaozee huko.
Shule moja kwetu ina jina lake.
Paa linavuja.

Dalali akavaa miwani, akasoma.
Kiswahili! Watu wakageukiana.
Kumbe bwana jela hakupitisha barua
asiyoweza kuisoma yeye,
basi Bitagase akajifunza lugha ya walinzi wake
akamwandikia mkewe kwa maneno ya kuazima,
mke ambaye hakujua hata moja.
Neno la nyumbani lilipenya moja tu, pale juu:
Abwooli.
Dalali alilitamka kama jina la dawa ya minyoo.
Mimi nilikaribia kuitika.
Ndilo langu pia, nilipewa siku ya nne.

*Abwooli, mimi mzima, ila meno.
Usimuuze yule ng'ombe mwenye baka.
Nilichukua chumvi kwa Nyamahunge wa Kibiro,
mafurushi mawili, ya askari wangu.
Mpe mbuzi. Asiwe na kilema.
Mvua ya huku inanyesha ubavuni.*

Basi. Hakuna taifa humo, hakuna laana kwa malkia.
Bwana mmoja wa makumbusho, mbele yangu,
akafunga daftari lake taratibu.

Nyamahunge alimzaa mama wa bibi yangu.
Kwetu chumvi hurithiwa kike:
kipande cha udongo chini ya genge,
chuma cha kukwangulia, vyungu vyenye matundu,
na orodha ya wanaotudai na tunaowadai.
Mbuzi wa Bitagase nilimjua
kabla sijajua kuhesabu hadi kumi.
Tulipokosa karo, alitajwa.
Bibi alipokata roho, alitajwa,
kwa jinsi wengine wanavyotaja kiwanja mjini.

Milioni nane. Kumi. Kumi na mbili na nusu.
Nikanyoosha mkono.
Nilitaka kusema tu: samahani, mbuzi hakufika.
"Kumi na tatu, mama wa nyuma!"

Shingo zote zikanigeukia. Mtu akavitazama viatu.
Nikaushusha mkono kama niliyegusa chungu cha moto.
"Mama? Kumi na tatu?"
"Sinunui," nikasema. "Nadai."
Wakacheka, wala si kwa ubaya.
"Sote tunadai, mama," dalali akajibu,
akaendelea na kumi na nne.

Ikachukuliwa na simu.
Msichana aliishika sikioni, akitikisa kichwa
kwa niaba ya mtu asiyeonekana, wa ng'ambo,
hadi milioni ishirini na sita, nyundo ikalia.
Hivyo Bitagase akasafirishwa mara ya pili,
safari hii ndani ya plastiki, na bima juu.

Nilifika Kibiro kesho yake, jua limesimama.
Mama alikuwa ameinama bustanini,
akirushia ardhi yenye unyevu udongo mkavu,
mgongo wake una ramani nyeupe ya jasho.
Nikamsimulia yote: glavu, simu, kicheko.
Bei hakuiuliza.
Akauliza, "Aliandika mafurushi mangapi?"
"Mawili."

Akanyooka. Akalitazama ziwa kwa muda,
akatema mate pembeni.
"Mwongo yule. Yalikuwa matatu."
Akainama tena,
na chuma kikaanza kukwangua.