Mkia wa Jina

Munguci alikuja Jumanne, umeme umerudi Arua
dakika kumi tu, flashi kaifunga kwa nailoni
kama abebaye dawa.
"Dada Ayikoru, haifunguki.
Na jina nimeshalibadilisha."

Nikatazama. Kweli:
baba-anapiga, nukta, mp3.
Mkia wa zamani kaukata, kaushonea mwingine
usiku, kwa kidole gumba, huko kwao Ediofe.

Nikamwambia: kibandiko cha asali
hakijapata kugeuza mafuta ya taa.
Zile herufi baada ya nukta
zinamnong'oneza bawabu tu, afungue mlango upi.
Ukimdanganya bawabu, mgeni hukaa nje.

Nikairudishia jina la kuzaliwa: amr.
Mashine ikafikiri. Ikakubali.

Kwanza mbwa. Kisha kikohozi cha mzee Onzima,
kisha, "Hii kitu imewaka?"
kisha adungu,
lakini si adungu:
mchanga unapepetwa juu ya bati.

Alinikazia macho kana kwamba nimemwibia.
"Nyuzi tisa zimeenda wapi?"

Simu ile, Munguci, ya vitufe na tochi,
ilifundishwa kazi moja, kubeba maneno
katika mfuko mdogo, yapite haraka, yasigharimu.
Sauti nyembamba za juu iliziacha njiani.
Haikuwa na ubaya.
Ilidhani nyuzi ni kelele.

"Basi igeuze iwe wav. Nasikia wav haitupi kitu."

Haitupi, kweli. Ni kama shangazi yangu Candiru
na mifuko yake mitupu ya sukari, tangu mwaka wa njaa.
Ila hutunza ilichopewa.
Nikigeuza, faili itanenepa mara kumi,
itakujazia flashi, na humo ndani
mzee atapiga mchanga ule ule:
chumba kimepanuka, kitanda ni kile.

"Mp3?"
Hupunguza nayo, ila kwa adabu;
huondoa inachokisia sikio halitakidai.
Ipo na flac, hiyo hukunja shuka
bila kukata hata uzi.

"Na baba?"

Baba alikatwa kabla ya kukunjwa.

Sikupenda nilivyolisema.
Nje mtu alikuwa akipasua kuni, tak, tak,
na mimi nikajifanya natafuta waya.

Halafu umeme ukaondoka, kompyuta ikabaki na betri yake,
na katika kimya cha feni iliyosimama
tukaisikiliza tena, hadi sekunde ya arobaini na moja:
"Munguci. Leta kiti, ukae."

Safi. Kila silabi mahali pake,
hata ile *ukae* iliyovutwa kidogo,
kana kwamba mzee alikuwa ndani ya droo yangu.
Simu iliijua kazi yake.

Munguci hakukaa. Alisimama,
vidole vikitembea ukingoni mwa meza,
vikishuka, vikirudi, vikiruka kimoja,
vikipiga kitu ambacho mimi sikukisikia.

Nilimtolea nakala ya mp3, nyepesi, kwa simu ya mama yake.
Ile amr sikuigusa.
Akaomba kalamu, akararua kipande cha boksi la betri,
akaandika polepole, kwa herufi kubwa:
HII NDIYO YENYEWE. MSIBADILISHE JINA.
Akakifungia na flashi ndani ya nailoni.